Bata Si Mgumu Kiasi Hicho

Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa bata nyumbani, na nitakaa hapo hapo nyumbani. Nitawazungumzia bata watano, sita, kumi na wawili wa uani, siyo yale mabanda ya bata elfu moja mnayoyaona kwenye simu zenu na kuanza kupiga hesabu za gari.

Ukizunguka nchi hii, kuanzia Tandale mpaka Kyela, utasikia sifa moja tu ya bata: haugui. Unamuuliza mama mwenye bata wake kumi anawapa dawa gani. "Bata haugui, baba." Chanjo je? "Bata huyu?" Na chakula? "Anajitafutia." Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, nami nitaupa heshima yake. Ila nimekuja kusema kwamba sifa hiyo hiyo ndiyo inayomponza ndege huyu. Kwa kuwa tumeshakubaliana kwamba bata ni mgumu, tunamwachia mtaro kuwa kisima chake, tunampa pumba yenye ukungu ambayo tungeona haya kumpelekea ng'ombe wa jirani, na tunamlaza mahali ambapo kuku asingelazwa. Siku akifa tunasema kalishwa sumu na mtu mwenye wivu.

Kwanza tujue ni ndege gani huyo. Bata mzinga namwacha kando, na bata bukini mwenye shingo ndefu naye apumzike. Bata aliyejaa kwenye nyua zetu, mpana, mweusi na mweupe, mwenye vinundu vyekundu usoni kama nyama iliyochubuka, asili yake ni bara la Amerika, Meksiko kushuka hadi Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko walikuwa wamekwisha kumfuga kabla meli za Wazungu hazijafika, na katika karne ya 16 akaanza kusambazwa duniani. Wataalamu wanamwita Cairina moschata. Dume lake ni zito, kilo 4 na kuendelea, wakati jike ni nusu ya hapo au zaidi kidogo. Dume hapigi kelele; anafoka kwa pumzi, huku akitikisa kichwa na kusimamisha manyoya ya utosini. Jike naye hutoa sauti ndogo tu. Kwa anayeishi nyumba za kubanana, hilo ni jambo kubwa kuliko uzito wa nyama. Jogoo wako atakugombanisha na mpangaji wa chumba cha pili alfajiri ya saa kumi. Bata huyu hakugombanishi na mtu.

Ukoo wa pili ndio bata wa dunia nzima, waliotokana na bata mwitu yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Humo wamo bata weupe wa China, wanaoitwa Pekin. Mwaka 1873 wachache wao walisafirishwa kutoka China hadi Marekani, na kutokana na hao ukaota ufugaji mkubwa wa Long Island, karibu na New York. Humo wamo pia bata warefu wanaotembea wima kama chupa, asili yao visiwa vya Indonesia, na Khaki Campbell, aliyezalishwa na Bi Adele Campbell katika kijiji cha Uley, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo wa mwisho akitunzwa vizuri anaweza kutaga mayai yanayokaribia 300 kwa mwaka. Bata wetu wa vinundu hafiki hata nusu ya hapo.

Ukimpandisha dume wa vinundu kwa jike wa ukoo wa pili, vifaranga watatoka wakubwa na wenye afya, lakini hawatazaa kamwe. Ni kama nyumbu. Ufaransa wanawazalisha makusudi kwa ajili ya nyama na maini. Hapa kwetu hutokea kwa bahati mbaya, kisha mfugaji anakaa mwaka mzima akisubiri mayai yatakayototolewa. Kwa hiyo mkianza, chagueni ukoo mmoja. Kwa nyumba ya kawaida, isiyo na fedha ya kununua chakula cha dukani kila wiki, ningewashauri mbaki na huyu wa vinundu. Pekin hukua haraka, wiki saba tu anafikia kisu, lakini anakula kama mgeni wa harusi, na asipokula hakui.

Sasa niulipe ule ukweli deni lake. Wengi wenu mmewahi kuamka kiangazi na kukuta kuku wa kienyeji wamelala chini banda zima, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, mabawa yameachia. Huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Kwa kuku wasiochanjwa unaweza kuondoka na karibu kundi zima. Bata aliyelala humo humo hutoka nje, akanyoosha bawa, akaenda zake kunywa maji. Virusi vinamwingia lakini mara nyingi havimwangushi. Ndiyo maana nyumba iliyopoteza kuku wote Septemba unaikuta Desemba bado ina bata wa kuuza. Bibi zetu hawakukosea kumweka bata pamoja na kuku: aliwekwa kama akiba ambayo ugonjwa wa kuku hauifikii.

Tatizo ni kwamba asiyeanguka anaweza kubeba. Bata anayeonekana mzima anaweza kuwa na virusi vya mdondo na kuvitoa kwenye kinyesi, na kinyesi chake kimo kwenye maji anayokunywa kuku. Kwa hiyo aliye na bata na kuku uani asiseme "nina bata, sina shida". Achanje kuku wake. Ile chanjo ya I-2 ya tone la jicho, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, na wenye kuku kumi kumi mnaweza kuchangishana mtaa mzima mkafungua kichupa kimoja.

Kuna mafua ya ndege pia. Januari 2017 Uganda ilithibitisha ugonjwa huo: ndege wa porini walikutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Entebbe, na ugonjwa ukaonekana kwa kuku na bata wa kufugwa huko Masaka. Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda, na wachuuzi wa mpakani wakakosa riziki. Virusi vya namna hii vinakaa vizuri ndani ya ndege wa majini. Baadhi ya bata huvibeba bila dalili yoyote. Nawaambia hili hasa ninyi mnaoishi kando ya ziwa, mito na majaruba, ambao bata wenu hushinda wakiogelea na ndege wa porini. Mkiona ndege wengi wamekufa kwa mara moja, msiwachinje waliobaki kuwahi hasara, na msiwape mbwa mizoga. Mwiteni afisa mifugo wa kata. Najua wengine mtaniambia afisa huyo hapatikani. Mpigieni tena.

Nifike kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

Watu wawili hukosea kuhusu maji ya bata. Wa kwanza anaamini kwamba bila bwawa huwezi kufuga, basi anaacha. Wa pili anaamini kwamba maji yoyote ni maji, basi anamfungulia mlango aende mtaroni. Bata wa vinundu hahitaji bwawa. Tezi yake ya mafuta, ile iliyo juu ya mkia ambayo ndege huipangusa kwa mdomo na kupaka manyoya, haikukua sana, na akikaa majini muda mrefu hulowa. Anachohitaji ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote. Chombo cha kuku, kile kisahani chenye chupa iliyopinduliwa, hakimtoshi. Bata huvuta maji na kuyasukuma nje puani ili kusafisha matundu ya pua na macho. Akikosa kufanya hivyo macho hutoa tongotongo na kufunga, na watu huanza kutafuta dawa ya macho wakati dawa ni beseni. Halafu anapokula pumba kavu, kila midomo miwili mitatu lazima akimbilie maji. Mkimwekea chakula kikavu pasipo maji karibu, anakabwa. Nimeona dume zima limelala chini shingo imevimba, mwenye nyumba anasoma dua, na ndoo ya maji iko hatua nne kutoka hapo, juu ya meza.

Beseni hilo litachafuka ndani ya dakika chache, kwa kuwa bata anakuja na tope mdomoni na kwenda na tope zaidi. Msikasirike. Wekeni beseni juu ya changarawe au juu ya kipande cha wavu wa chuma kilichowekwa juu ya shimo dogo, maji yanayomwagika yashuke chini na bata asisimame kwenye matope yake mwenyewe. Kila jioni mwageni maji hayo kwenye migomba au kwenye matuta ya mchicha. Kinyesi cha bata kina maji mengi sana, na maji ya beseni lake ni mbolea iliyokwisha kukorogwa. Wenye wasiwasi wa mbu nao wapate jibu: mbu anahitaji wiki nzima au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku hayazalishi mbu. Chombo kikubwa kinachoachwa wiki mbili ndicho kinachozalisha, tena jirani atakuwa na haki ya kwenda kwa mtendaji.

Mtaro ni habari nyingine. Bata anaupenda, hilo siwezi kukataa. Humo kuna minyoo, mabuu, mabaki ya wali. Humo kuna pia panya waliokufa, na hapo ndipo penye hatari ambayo wafugaji wengi hawaijui. Katika mzoga uliooza kwenye maji yenye joto yaliyosimama huota bakteria wanaotengeneza sumu kali ya kupooza. Funza wanaokula mzoga huo hawadhuriki nayo, ila wanaihifadhi mwilini. Bata akiwala funza hao, baada ya muda miguu inakosa nguvu, kisha mabawa, mwisho shingo inalegea mpaka kichwa kinalala chini kama kamba. Akiwa majini anazama. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Mkikuta bata amelegea shingo lakini bado anapepesa macho, mpelekeni kivulini, mpeni maji safi kidogo kidogo mdomoni, na muhimu kuliko yote nendeni mkautafute mzoga na kuufukia, kwa sababu wenzake wanakula hapo hapo.

Na mayai je? Ganda la yai lina vitundu visivyoonekana, na yai lililotagwa kwenye tope la mtaro hufyonza kilichomo. Watu wanasema mayai ya bata yananuka na yanaumiza tumbo. Ya bata wa mtaroni, ndiyo, yanaweza. Yai la bata aliyelala kwenye maranda makavu ni kubwa kuliko la kuku, kiini chake kipana na chenye mafuta zaidi, na wapika keki wanaolijua hawalitaki la kuku tena. Hata hivyo lichemsheni likaive. Yai la bata si la kumeza bichi wala la kukaangwa upande mmoja.

Kutoka maji twende kwenye pumba.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache, na kwa kutojua sababu watu wakauita ugonjwa X. Vifaranga wa bata nao walikufa. Uchunguzi ukaelekea kwenye chakula: mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yaliyoota ukungu. Ukungu huo, Aspergillus flavus, ulikuwa umetengeneza sumu ambayo sisi leo tunaiita sumukuvu. Kilichotokea baadaye kinawahusu ninyi moja kwa moja. Watafiti walipotaka kupima kama chakula kina sumu hiyo, walitumia vifaranga wa bata wa siku moja, kwa sababu ini la kifaranga wa bata huharibika upesi kwa kiasi kidogo sana cha sumu. Ndege tunayemwita mgumu ndiye aliyechaguliwa kuwa kipimo cha sumu kwa ulaini wake.

Sasa fikirieni kinachofanyika nyumbani. Mahindi yakichambuliwa, mazuri yanaenda mashineni, yaliyooza na yenye ukungu wa kijani yanawekwa kando, mtu anasema "hayo ya bata". Pumba inanunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu gunia lilinyeshewa, na imegandamana mabonge. Kisha vifaranga wanadumaa, wanakufa mmoja mmoja, na hakuna anayelitazama gunia. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha uji wala kwa kuanika tena. Na msidhani ni habari ya ndege tu. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwalaza watu 317 na kuwaua 125. Mwaka 2016 ilipiga kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafa. Mahindi ambayo hayamfai mtoto wako hayamfai bata, na ukimpa bata kisha ukala yai lake umezunguka tu njia ndefu. Pumba ikae juu ya chaga, isiguse sakafu wala ukuta, inunuliwe ya wiki mbili na siyo ya miezi mitatu. Ikinuka uvundo, itupwe shimoni.

Vifaranga wana jambo jingine, nalo nitalieleza kwa kifupi ingawa linastahili jioni yake. Bata mdogo anahitaji vitamini moja inayoitwa niasini kuliko kifaranga wa kuku: karibu miligramu 55 kwa kilo ya chakula, wakati kuku wa nyama anatosheka na 35 hivi. Pumba ya mahindi haimpi, kwani niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuichukua. Matokeo yake ni magoti kuvimba na miguu kupinda upinde mbele ya macho yako, ndani ya wiki chache za mwanzo. Watu husema kaangukiwa, kakanyagwa. Kumbe kakosa dagaa. Changanyeni dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, au machicha ya pombe kama jirani yenu anapika, na tatizo mara nyingi halitokei kabisa. Mguu uliokwisha kupinda sana, hata hivyo, haunyooki.

Mama bata akiwapo, kazi ya joto anaifanya yeye. Atalalia mayai siku 35, na hapo wengi hukata tamaa, kwa sababu wamezoea kuku wa siku 21 na hata bata wa ule ukoo wa pili huangua kwa siku 28. Wiki ya nne ikiisha mtu anasema mayai yameharibika, anayatupa, na ndani mna vifaranga wanaokaribia kutoka. Msiyatupe. Usiku wa siku ya kumi washeni tochi ya simu, mshike yai juu ya mwanga: lenye uhai lina mishipa myekundu, lisilo na uhai linang'aa tupu, na hilo ndilo la kuondoa. Jike hutoka mara moja kwa siku kula na kuoga, kisha hurudi na manyoya yenye unyevu. Unyevu huo mayai yanauhitaji, kwa hiyo msimzuie asiloe.

Bidii hii ya kulalia imewafanya wafugaji wengi wamgeuze jike wa bata kuwa mashine ya kutotolea mayai ya kuku. Hufanya kazi vizuri sana. Anafunika mayai mengi kuliko kuku, hakimbii ovyo, na siku ya 21 vifaranga wa kuku wanatoka. Tatizo ni tamaa. Wakitoka wa kwanza anawekewa mengine, na mengine tena, naye anaendelea kulala kwa uaminifu huku kifua kinakwisha na kubaki mfupa. Awamu moja ya kuku, apumzishwe. Na vifaranga hao waondolewe kwake mapema, maana atawaongoza kwenye beseni na wao hawajui kuelea.

Sasa usiku, na wala sitakaa sana. Bata hulala chini, huyu wa vinundu tu ndiye hupenda kupanda mahali palipoinuka, na jike huruka vizuri hadi juu ya paa la jirani. Kateni manyoya marefu ya bawa moja, la upande mmoja tu, atapoteza uwiano na kubaki uani. Banda lifungwe kabla ya giza na lisifunguliwe alfajiri mno: bata hutaga asubuhi mapema, na mkiwafungua saa kumi na mbili mayai yataishia vichakani na kwa kenge. Nguchiro na paka pori huingia kwa tundu linalopitisha ngumi. Mchana adui wa vifaranga hapa pwani ni kunguru, yule aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa anaamini nchi ni yake. Wavu chakavu wa kuvulia samaki, ukitandazwa juu ya kizimba kwa wiki nne za mwanzo, unamshinda.

Na siafu. Watu wa milimani wananielewa. Bata anayelalia hakimbii, anabaki juu ya mayai, na asubuhi unakuta mifupa. Mkiona njia ya siafu jioni, hamisheni kiota usiku huo huo na kuzungushia majivu ya kutosha. Hakuna hasara inayouma moyo wangu kama hiyo, kwa sababu ndege angeweza kuondoka.

Kijana mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa kama bata wanaweza kufanya kazi shambani. Wanaweza, na Waasia wamelithibitisha kwa karne nyingi. Kule Bali mchunga bata hutangulia na mwanzi mrefu wenye kitambaa cheupe nchani, kundi linaufuata mpaka kwenye majaruba yaliyovunwa, wanaokota punje na konokono, jioni linarudi. Huko Japani, mkoa wa Fukuoka, mkulima Takao Furuno alianza mwaka 1988 kuingiza vifaranga wa bata ndani ya mpunga uliokwisha kupandikizwa. Wanakula magugu machanga na wadudu, miguu yao inakoroga tope, kinyesi kinabaki kuwa mbolea. Mpunga ukianza kutoa masuke wanatolewa, la sivyo watauvuna wao.

Kwetu jambo hili limekuwa zito tangu mwaka 2020, konokono mvamizi kutoka Amerika ya Kusini alipoonekana kwenye skimu ya mpunga ya Mwea, Kenya. Hutaga vishada vya mayai ya waridi juu ya mashina ya mpunga na kutafuna miche michanga. Huko Asia, alikotangulia kuvamia, bata ni moja ya silaha dhidi yake: huwala konokono wadogo wakati jaruba halina mche, au mche ukishakomaa kiasi cha kutong'olewa. Wakulima wa Mbarali na Kilombero wasisubiri konokono huyo avuke mpaka ndipo waanze kutafuta vifaranga. Ila shamba lililopuliziwa dawa za wadudu si mahali pa kuingiza bata, na hapo kila mtu apige hesabu yake na jirani yake wa jaruba la juu, kwa kuwa maji hayajui mpaka.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa nimechoka na semina zinazoanza na faida. Bata wa uani anauzwa akiwa hai, zaidi wakati wa Idi na Krismasi, na mnunuzi anayemtaka hapigii kelele bei kama anavyofanya kwa kuku. Mayai hayana soko kubwa, kwa hiyo yaleni au yatotolesheni. Dume mmoja kwa majike watano anatosha. Madume wawili kwenye kundi dogo watapigana na kumchosha jike mpaka utosi ubaki kipara. Madume waliozidi ndio nyama yenu.

Vijana wanaosema kila Jumamosi wanakula bata, nikichungulia sahani zao naona kuku na chipsi. Wakiulizwa wanasema nyama ya bata ina shombo. Shombo hiyo ina sababu, nayo si ya kuzaliwa. Bata aliyelishwa dagaa mpaka siku ya kuchinjwa atanuka dagaa. Waacheni dagaa wiki mbili kabla, mpeni mahindi safi, pumba na majani. Mkimchinja, mtumbukizeni kwenye maji ya moto yasiyochemka kabisa na mumkandamize chini kwa mti, kwa kuwa manyoya yake hayapitishi maji upesi kama ya kuku. Ile tezi ya juu ya mkia ikatwe yote, pamoja na unjano unaoizunguka, kisu kisiguse nyama nyingine kabla hakijaoshwa. Dume lililozidi mwaka mmoja lichemsheni polepole na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka uma uingie, ndipo tui la nazi lifuate. Na yale mafuta ya manjano yanayoelea juu ya sufuria msiyamwage. Yaengueni, kesho yake mkaangie viazi.